"HITILAFU YA UMEME" ISIYO NA MWENYEWE

Kila inapoteketea nyumba, au bweni, au ofisi yenye majalada ya miaka mingi, maneno yanayotangulia kutamkwa ni yale yale: chanzo ni hitilafu ya umeme. Yakishatamkwa, huulizwi tena aliyetandaza nyaya zile, wala aliyemlipa, wala yule aliyenusa plastiki ikiungua wiki nzima akanyamaza. Umeme hauna akili ya kutenda kosa. Hupita pale ulipopitishwa na watu, na hutokea pale watu walipouachia mwanya.

Na watu hao, mara nyingi mno, wamesoma. Mzee wa kijijini anayewashiwa taa kwa mara ya kwanza, akidanganywa na kishoka, ana udhuru. Ni udhuru gani alionao ofisa ambaye kazini kwake hapitishi hati ya malipo ya shilingi elfu kumi pasipo sahihi na mhuri, lakini nyumbani kwake humfungulia meni swichi kijana ambaye hata jina lake la pili halijui? Mafuta ya gari la serikali hudaiwa risiti. Fundi anayeshika uhai wa watoto haulizwi leseni. Yafaa isemwe wazi kwamba vishoka hawalelewi na ujinga wa wananchi peke yake. Hulelewa pia na ubahili wa wasomi.

Wapo wanaojikinga kwa neno kujitegemea. Mwalimu Nyerere alipotoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, hakumwagiza karani apande juu ya dari na bisibisi mkononi. Kujitegemea katika jambo hili kuna mpaka wake, nao si mgumu kuujua. Mwenye nyumba anaweza kuzima swichi na kubadili balbu iliyoungua. Anaweza kubadili fyuzi ya plagi, mradi aweke ya kipimo kile kile, wala si uzi wa shaba au karatasi ya sigara, maana fyuzi imewekwa ili ife kabla ya waya, na asiyetaka ife ameamua waya ndio uungue. Breka ikijikata, achomoe vyombo vyote, airudishe mara moja, kisha achomeke kimoja kimoja hadi kimjue mkosaji. Ikijikata tena ilhali hakuna kilichochomekwa, shughuli yake imekwisha. Hapo ni pa kumwita fundi.

Ni pa kumwita fundi vilevile soketi inapopata joto au kubadilika rangi, swichi inapovuma, maji ya mvua yanapoteremka ukutani penye nyaya, au mama anapoguswa na mtekenyo akishika mlango wa friji. Huo mtekenyo hudharauliwa mno. Watu huvaa kandambili, wakaendelea. Lakini breka ya kawaida ya ampea 16 haikuwekwa kumlinda mtu. Imewekwa kuulinda waya. Mkondo wa sehemu 30 tu za elfu moja za ampea ndicho kiwango ambacho vifaa vya kumlinda binadamu hutengenezwa kukatia umeme, nao ni mdogo kuliko ule wa breka hiyo zaidi ya mara 500. Mtu anaweza kufa ameshika friji na breka isitambue lolote. Kinachomwokoa ni waya wa ardhi uliofungwa sawasawa, pamoja na kile kifaa cha kukata umeme unaovuja, na hivyo ndivyo viwili ambavyo kishoka huviruka kwanza, kwa kuwa taa huwaka bila navyo na mwenye nyumba hufurahi.

Hapo watumishi waliojenga Dodoma baada ya serikali kuamua kuhamia huko mwaka 2016 wangefaa kutega sikio. Ardhi iliyokauka hupitisha umeme kwa shida. Nondo fupi iliyodungwa msimu wa mvua ili kazi iishe upesi, huenda kiangazi isiwe na faida kubwa kuliko kigingi cha mbuzi. Haionekani kwa macho. Hupimwa kwa chombo, na asiye na chombo hicho si fundi wa kazi hiyo, hata akiwa shemeji.

Walimu nao wasamehe. Mwalimu wa fizikia huandika ubaoni kwamba mkondo ukiongezeka mara mbili, joto linalozalishwa katika waya huongezeka mara nne. Kengele ikilia hurejea chumba cha walimu, penye ekstensheni moja iliyobeba jagi la maji la wati 2,000, jiko dogo la wati 1,500 na pasi ya wati 1,000. Hizo ni wati 4,500, na kwa umeme wa volti 230 ni karibu ampea 20, zikipita katika soketi ya ampea 13. Hesabu hiyo ni ya kidato cha pili, na hakuna anayeifanya.

Husemwa kwamba mafundi wenye leseni ya EWURA ni ghali, na wilayani ni wachache. Kuna ukweli ndani yake, na wenye mamlaka ya kutoa leseni wanapaswa kuurahisishia njia umati wa vijana wanaohitimu VETA, wasiachwe kuingia ukishoka kwa kukosa karatasi. Hata hivyo mtu aliyenunua vigae vya kung'aa na televisheni ya ukuta mzima, kisha akabana kwenye nyaya na kununua zisizo na alama ya TBS, asiitaje bei mbele za watu. Wala TANESCO isitwishwe mzigo usio wake. Taa zikififia mtaa mzima, au waya wa nguzo ukianguka, hilo ni la shirika. Zikififia kwa mmoja na jirani yake ana nuru ya kutosha, aanze kwa kumwita fundi akague ndani, kwani kuanzia kwenye mita kuingia ndani mali ni yake na dhamana ni yake.

Linalouma zaidi ni shule. Mwaka 2009 moto uliua wanafunzi 12 katika bweni la Sekondari ya Idodi, mkoani Iringa, na mshumaa ukatajwa kuwa chanzo. Umeme unapofikishwa mabwenini wazazi hushusha pumzi. Kisha mkuu wa shule, kwa kubana matumizi, humwita yeyote aongeze soketi tatu kutoka kwenye waya wa taa, na nyaya zikaning'inia juu ya vitanda vya deka na vyandarua. Wathibiti ubora huhesabu madawati na matundu ya vyoo. Wadai pia karatasi ya majaribio ya nyaya, yenye jina la fundi, namba ya leseni yake na tarehe ya kupima, ikae katika jalada la shule pamoja na risiti. Isipokuwapo, bweni hilo lizimwe umeme na mkuu wa shule aeleze mbele ya bodi, kwa maandishi, ni nani aliyeufunga.