Burse zinaanzia kwenye masta. Na mwanafunzi wa licence, nani anamfikiria?

Matangazo ya burse za masomo ya mazingira yanazunguka kila mwaka kwenye makundi ya WhatsApp ya wanafunzi wa Goma, Bukavu, Kisangani na Bunia. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anafungua, anasoma mistari ya kwanza, anafunga. Sharti la kwanza ni diploma ya licence, ile ile ambayo bado anaitafuta.

Burse zenyewe zipo. Ubelgiji, kupitia ARES na VLIR-UOS, inapokea Wakongo kila mwaka kwa masta na mafunzo ya kitaalamu. Kule Tshopo, mradi wa FORETS, kwa pesa za Umoja wa Ulaya, ulisomesha vijana wengi wa masta na udaktari kwenye Chuo Kikuu cha Kisangani, na utafiti wa Yangambi uliokuwa umelala ukaamka. Hakuna wa kulaumu kazi hiyo. Lakini inachukua mtu aliyekwisha kuvuka mto. Programu ya Excellentia, ya Mfuko wa Denise Nyakeru Tshisekedi, inachukua waliofanya vizuri kabisa kwenye mtihani wa serikali, na hao ni wachache. Katikati, ile miaka mitatu ya licence ya mfumo wa LMD, mzazi anabaki peke yake na minervali. Wazee wetu wanakumbuka burse ya serikali enzi za Zaïre. Watoto wao wanaisikia kama hadithi.

Na ni ndani ya miaka hiyo mitatu ndipo mwanafunzi anapaswa kufanya staji. Masomo ya mazingira hayaishii ubaoni. Kutambua mti kwa ganda na jani lake, kuchukua maji ya mto bila kuyachafua kabla hayajafika maabara, kusoma GPS, kuhesabu taka za soko moja kwa wiki nzima: mambo hayo yanaingia kwa mikono. Chuo kinampa barua ya kuomba nafasi, basi. Nafasi anaitafuta mwenyewe. Usafiri, chakula na kuchapisha ripoti ni juu yake. Kuna hata ofisi zinazomdai alipe kwanza ndipo apokelewe, halafu zinamfanyisha kazi.

Matokeo yake tunayajua. Mwenye mjomba ofisini anapata nafasi. Asiye naye anaishia sekretarieti, anapanga karatasi, na TFC yake inakuwa mtoto wa TFC ya mwaka jana. Kwa msichana kuna hatari zaidi, maana mlango wa staji unapofunguliwa kwa hisani ya mtu mmoja, mtu huyo anaweza kudai malipo ambayo si pesa. Vyuo vinajua. Vinanyamaza.

Mwenye kudhani ni shida ya wanafunzi tu aangalie huku kwetu. Mwanzoni mwa Mei 2023, mvua ilishusha mawe na matope juu ya Bushushu na Nyamukubi, katika Kalehe, na watu zaidi ya 400 walikufa. Kipimo cha mvua ni chombo rahisi kuliko redio. Mwanafunzi anaweza kukisoma kila asubuhi na kupeleka namba kwa simu. Bukavu, plastiki za ziwa Kivu zinafika kwenye bwawa la Ruzizi I, zinasumbua mashine, na mji unakosa umeme. Goma, Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021, na hadi leo kuna mitaa ambayo wakaaji wake hawajui mazuku inajikusanya wapi. Hapo kuna kazi ya staji ya miaka kumi, na hakuna anayehitaji viza.

Tutaambiwa kuna vita. Ni kweli, na hakuna mwenye akili atakayemtuma mtoto wa watu Virunga wakati walinzi wenye silaha wenyewe wanauawa. Lakini mazingira si sokwe na tembo peke yake. Mifereji, mmomonyoko wa vilima vya Bukavu, maji ya kunywa, makaa: vyote viko ndani ya miji.

Tutaambiwa pia pesa hakuna. Novemba 2021, kule Glasgow, nchi yetu iliahidiwa dola milioni 500 kwa ajili ya misitu kupitia CAFI. Januari 2025 serikali ilitangaza Njia ya Kijani ya Kivu hadi Kinshasa, zaidi ya kilometa za mraba 540,000, ikasema itazaa kazi 500,000. Kazi hizo zitashikwa na nani, ikiwa kijana wa Beni au Uvira anamaliza licence bila kushika chombo hata kimoja? Tufanye hesabu ndogo: dola mbili za moto kwenda na kurudi, dola moja na nusu ya chakula, siku 26 za kazi. Ni dola 91. Semina moja ya hotelini, na bendera zake za kupigia picha, inaweza kula pesa ya staji ya darasa zima.

Kwa hiyo tunaomba kila mradi wa mazingira unaopata pesa za nje kwa jina la mashariki ya Kongo utenge sehemu ya staji za wanafunzi wa licence wa palepale. Ministeri ya Elimu ya Juu ikataze ofisi yoyote kumtoza mwanastaji pesa. Majina ya waliochaguliwa na alama zao yabandikwe wazi, ili mtoto wa mkuu wa idara apimwe kama wengine.

Na pesa zipite kwenye simu ya mwanafunzi mwenyewe. Goma na Bukavu, mabenki yalifunga miji hiyo ilipoingia mikononi mwa M23 mwanzoni mwa 2025, na pesa inayopita kwa mtu wa katikati inafika imepungua. Nusu itumwe siku ya kwanza ya staji, nusu nyingine siku ripoti inapowekwa.