Jina la Duka Ligeuzwe Umbo, na Mwenye Kulipa Apewe Fishiye Yake

Katika muji kama Goma, Bukavu ao Butembo, jina la biashara ndogo linaandikwa kila mahali: kwenye kalikoti mbele ya duka, kwenye fulana, kwenye kashe, kwenye stika ya pikipiki. Na karibu kila mara linaandikwa upya. Infografe mwingine, herufi zingine, rangi ingine. Mwenye duka analipa kana kwamba jina lake limezaliwa siku ile. Mimi naona hii si ajali bali ni tabia ya kazi, na inaweza kubadilika bila kununua mashine yoyote.

Tuelewe kwanza tatizo linatoka wapi. Herufi unayoiona kwenye ordinatere si mchoro. Ndani ya fishiye mna namba ya herufi tu. Sura yake programu inaiazima kwa ile ambayo mafundi wetu wanaiita polisi, kwa kufuata Kifaransa. (Polisi hii haikamati mutu, lakini nayo inajua kusumbua.) Kijana anachora nyumbani kwa polisi nzuri aliyoitafuta usiku muzima, anabeba fishiye kwa kle USB hadi imprimeri. Kule polisi ile haipo. Programu inaweka ingine mahali pake. Inaonya, ndiyo, lakini mfanyakazi ana haraka, umeme unaweza kukatika saa yoyote, anabonyeza na kuendelea. Jina linapanuka na kupita ukingo wa kalikoti. Kama kuna Kilingala kilichoandikwa vizuri, ɛ na ɔ zinaweza kutoka kama visanduku vitupu. Kufikia hapo bashi imekwisha chapwa, na harusi ni kesho.

Nani analipa bashi ya pili? Imprimeri inasema fishiye ilikuja mbaya. Infografe anasema kwake ilikuwa nzuri, na hasemi uongo. Basi analipa mteja, ao kijana anapoteza faida yake ya juma nzima.

Dawa inajulikana: kugeuza maandishi kuwa umbo kabla ya kuyatuma. Katika Photoshop ya Kifaransa, bonyeza tabaka la maandishi kwa upande wa kuume wa mausi, chagua «Convertir en forme». Kuanzia hapo herufi haziazimi tena kitu. Zimekuwa mistari yenye kujitegemea, na zitafunguka sawasawa popote. Illustrator na CorelDRAW zina njia zao za kufanya hivyo. Inkscape pia, na hii haiombi hata franka moja. Kuna kikwazo kimoja kinachowachosha wanaoanza: kama ulinenepesha herufi kwa unene wa bandia wa Photoshop, programu itakataa kugeuza. Ondoa unene ule, ao tafuta polisi iliyo nene kwa asili yake.

Hatua ya pili ndiyo inayosahauliwa sana, na kwangu ndiyo yenye faida. Umbo lile linaweza kuhifadhiwa katika orodha ya maumbo ya programu, kwa kupitia menyu ya «Édition», na kupewa jina. Kesho mteja akitaka kadi, unalichagua kama unavyochagua duara ao mraba, unalivuta kwa ukubwa unaotaka, unalipa rangi. Linabaki na mstari wa nje tu, kwa hiyo logo ya rangi tatu inaombwa ihifadhiwe vipande vipande. Unaweza pia kulitoa kama fishiye ndogo na kulipeleka kwenye ordinatere ingine yenye Photoshop.

Na halichakai. Picha ya JPEG iliyopita WhatsApp mara tano ukiivuta kwa kalikoti ya meta tatu inaonyesha vidoto na ukungu. Umbo limejengwa kwa hesabu ya mikunjo, ile iliyopewa jina la Pierre Bézier, injinia wa Renault kule Ufaransa aliyeitumia kuchora miili ya magari. Likiwa kwenye kadi ao kwenye ukuta wa depo, ukingo wake ni safi. Mashine ya kukata stika nayo inafuata mistari. Ukiipa picha, haijui ipite wapi.

Lakini tusiwadanganye vijana. Maandishi yaliyogeuzwa si maandishi tena. Ukigundua kwamba umeandika «Quincaillerie» kwa «l» moja, hutafuti kosa kwa klaviye, unaandika upya. Namba ya simu ikibadilika, vilevile. Kwa hiyo anayegeuza fishiye yake moja tu na kufunga amejifungia nje ya nyumba. Fishiye ni mbili: moja ya kusahihisha, inayobaki na maandishi hai, na moja ya imprimeri. Maelezo marefu ya mistari ishirini usiyageuze bila sababu. Tuma PDF iliyobeba polisi ndani yake, na uiombe imprimeri isiifungue katika programu ingine ili «kurekebisha kidogo».

Wengi wanaotoa JPEG peke yake wanajua haya yote. Wanasema: nikimpa umbo, ataenda kwa jirani. Naelewa woga huo. Kazi ni haba, na kuna watu wanaojadili bei ya logo kama bei ya ndizi. Lakini kumfunga mteja kwa kumficha jina lake mwenyewe ni njia mbaya ya kumushika. Kikundi cha mama wa AVEC waliochanga dola zao kwa kazi ile wamelipia jina, hawakulikodi. Infografe aseme bei mbili toka mwanzo, ya picha tu na ya fishiye kamili, mteja achague.

Na wewe unayelipa, mbele ya kutoa feza ya mwisho, omba vitu vitatu: fishiye yenye maandishi hai, fishiye ya maumbo katika PDF ao SVG, na jina la polisi iliyotumiwa. Viweke kwenye kle yako mwenyewe, si kwa simu ya kijana, maana simu zinaibiwa na vijana wanahama.