Punje Iliyogoma Haina Haki ya Kuvunja Jino la Mtu

Muvi ikishapita nusu, ukumbi mzima unajua nani amefika chini ya mfuko. Mwanzoni bisi haina kelele, unasikia tu vidole vikikwaruza karatasi. Halafu inaanza: ka! Kimya kidogo. Ka! Jamaa wa siti ya mbele anageuza shingo akidhani risasi imetoka kwenye skrini. Kumbe ni gego la mwenzake linapambana na punje iliyogoma kupasuka.

Hiyo tabia iachwe, wadau. Na yule anayeitetea kwa kusema "nimelipia, lazima nimalize" aanze kujiuliza alilipia nini.

Chukua kijana wa Ngujini. Hana haja ya jina maana wako wengi: kazaliwa huko kwenye milima ya Upare, kasoma, kashuka Mwanga, kapanda basi, leo yuko Dar ana kazi yake na mchumba wake. Jumamosi anamtoa mtoko. Tiketi kanunua yeye, ndoo ya bisi kanunua yeye, na hela ya ile ndoo ingetosha kumpelekea mama yake mahindi ya kula wiki nzima. Sasa amefika chini, punje kama arobaini zinamwangalia. Mchumba kaacha kula zamani. Yeye anatia mbili mdomoni. Ka!

Watu watacheka na kusema ndiyo Upare huo, kubana mpaka punje. Utani wa Wapare na ubahili unajulikana nchi nzima, na Wapare wenyewe ndio wanaousimulia vizuri kuliko wote. Ila hapa utani umepotea njia. Huyu kijana hajafuata mafunzo ya kwao hata kidogo. Jikoni kwa mama yake bisi ikishaiva sufuria linatikiswa, laini zinapanda juu, ngumu zinashuka chini. Za juu zinamiminwa kwenye sinia, za chini zinarushiwa kuku mlangoni. Kuku ana firigisi, hiyo ndiyo meno yake. Hakuna kilichopotea na hakuna aliyeumia. Tena watu waliokulia kwenye makande ndio wa mwisho kuhitaji kuambiwa kwamba hindi kavu halitafunwi hivi hivi. Linalowekwa, linachemshwa na maharage, kuni zinaongezwa, mpaka lenyewe likubali.

Kinachomsumbua kijana ni bei. Akiwa nyumbani punje ni ya kuku, akiwa mjini punje imekuwa shilingi. Anatafuna risiti.

Na hapo ndipo inapobidi kuijua punje yenyewe, kwa sababu wengi wanaamini bisi kugoma ni bahati mbaya, kama mvua. Sivyo. Punje ya bisi ina vitu vitatu vya maana: ganda gumu kwa nje, wanga ndani, na maji kidogo sana yaliyojificha kwenye huo wanga, karibu asilimia 14 ya uzito wake. Ukiipasha moto, yale maji yanageuka mvuke. Ganda linaubana mvuke usitoke. Mgandamizo unapanda, unapanda, mpaka ganda linashindwa, na ule wanga ambao tayari umelainika unalipuka na kuwa povu jeupe. Ndiyo maana mahindi ya kawaida ya kusaga unga hayakupi bisi ya kueleweka, na sokoni mahindi ya bisi yanauzwa peke yake, vipunje vidogo, vigumu kama kokoto.

Mwaka 2015 watafiti wawili wa Ufaransa, Emmanuel Virot na Alexandre Ponomarenko, walikaa na punje hizi kwa makini ambayo wengi wetu tunawawekea wachumba tu. Walizipasha moto kwa hatua, wakarekodi kwa kamera za kasi. Kwenye nyuzijoto 170 za Selsiasi zilizopasuka zilikuwa asilimia 34. Wakapandisha mpaka 180, zikapasuka asilimia 96. Nyuzi kumi tu! Kwa hiyo ukikuta robo ya mfuko wako ni kokoto, usimlaumu Mungu wala usijilaumu wewe mlaji. Ama moto ulikuwa mdogo, ama punje zilikauka kupita kiasi dukani, ama ganda lilikuwa na ufa mvuke ukatoka kimyakimya kabla ya wakati. Zote tatu ni kazi za watu: aliyehifadhi na aliyepika.

Turudi kwa kijana na hela yake. Alilipia bisi. Punje iliyogoma haikuwahi kuwa bisi, ni malighafi iliyomfikia kabla haijakamilika. Mtu akiagiza chapati, akaletewa na donge la unga mbichi pembeni, hatalila lile donge ili apate thamani ya fedha yake. Ataliacha, na kama ni mkali ataita mhudumu. Vivyo hivyo kwenye bisi: mfuko ukiwa na ugumu mwingi, urudishwe kaunta kwa heshima kabla taa hazijazimwa, waongezewe zilizoiva. Hapo ubahili ungekuwa na faida! Ajabu ni kwamba huyo huyo anayeona haya kurudisha mfuko haoni haya kuwapigia watu ngoma ya taya kwa saa moja na nusu.

Wamarekani, kwa njia, wana jina la hizi punje. Wanaziita kwa lugha yao mabibi waliozeeka bila kuolewa. Jina la ovyo. Huku kwetu shangazi ambaye hakuolewa mara nyingi ndiye aliyelipa ada za watoto wa kaka zake wote, akajenga na choo cha kisasa, na hakuna aliyewahi kuvunjika jino kwa ajili yake. Bora neno letu la kugoma. Punje imegoma, basi, kama mfanyakazi ambaye hakupewa maji.

Sasa kuna kundi la pili, na hili ni baya kuliko watafunaji. Hawa hawatafuni. Wanaionja punje kwa ulimi, wakikuta ngumu wanaitema kiganjani, giza linasaidia, na kiganja kinashuka taratibu pembeni ya siti. Tii. Dada kavaa vizuri, kucha zake zimekaa, manukato yake yanasikika mpaka mlangoni, ukimuona kwenye mwanga huwezi kuamini. Taa zikiwaka anaondoka kwa madaha na zulia linalia chini ya viatu vya watu kama njia ya changarawe.

Zamani kwenye mabanda ya video, enzi za Lufufu akitafsiri picha za Kichina na za Kihindi, hilo halikuwa tatizo kubwa. Sakafu ilikuwa udongo, na asubuhi kuku wa jirani walifanya usafi bila mshahara. Zulia la ukumbi wa mjini halina kuku. Lina kijana mwenye ufagio na dakika chache kabla watu wa muvi inayofuata hawajaanza kupanga foleni, na zile punje zilizolowa mate ndizo anazoziokota. Hata huko Marekani wenye kumbi za kifahari waliikataa bisi kwa miaka kwa sababu ya uchafu wa namna hii. Walikuja kulegeza miaka ya 1930, uchumi ulipoporomoka wakaona bisi inaingiza hela kuliko picha yenyewe. Uchafu haukuisha, walikubali tu kuuvumilia. Dada wa kiganja asijidanganye kwamba tiketi yake inamlipia na hilo.

Kuna wengine wanameza nzima nzima, gulu gulu, kama vidonge. Kwa mtu mzima mwenye koo salama hiyo haina shida sana, itapita njia yake na kutoka ilivyoingia. Yale mambo ya kuambiwa utotoni kwamba punje itakwenda kukaa kwenye kidole tumbo yalitungwa na mama aliyechoka kuona watoto wakipekua masufuria. Inatokea, ila ni nadra mno.

Lakini kwa mtoto mdogo utani uishie hapa. Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri mtoto asipewe bisi kabisa mpaka atimize miaka minne, ilale au ipasuke. Njia yake ya hewa ni nyembamba, magego ya kusaga hajakamilisha, na kwenye giza huku watu wazima wameganda kwenye skrini hakuna anayemwangalia. Mtoto anayepaliwa sana anaweza asitoe sauti yoyote. Na bado kila Jumapili utaona familia, mtoto wa miaka miwili kapakatwa, kapewa mfuko wake mwenyewe ili anyamaze. Anyamaze! Mpeni ndizi mbivu.

Wanaouza nao wasikae pembeni wakicheka. Mwenye mashine ya bisi nje ya banda, au mama anayepika za kuwapa watoto wauze stendi, anaweza kupunguza kokoto bila kuongeza gharama. Mahindi ya bisi yasining'inizwe juu ya moshi wa jiko kama yale ya mbegu, yatakauka mpaka yale maji ya ndani yaishe. Yawekwe kwenye chombo chenye mfuniko unaobana. Na kama yameshakauka hayajafa: chupa ya lita moja ikijazwa punje karibu yote, mimina kijiko kimoja cha chakula cha maji, funga, tikisa, rudia kutikisa kila ukipita, kaa siku tatu au nne. Zitarudi. Kwenye kupika, tia punje tatu kwanza kwenye mafuta. Zikilia zote tatu ndipo umwage nyingine, acha mfuniko na upenyo mdogo mvuke utoke. Mwisho, kabla ya kufungasha, tikisa sinia lenye matundu. Kumfungia mteja zile za chini pamoja na za juu ili mfuko uonekane mzito ni wizi mdogo, na wateja wa kule milimani wanaujua, wanabonyeza mfuko kwanza ndipo watoe hela.

Kwa kijana wa Ngujini, ambaye bado yuko kwenye siti yake, njia ni ya jikoni kwa mama. Atikise ndoo mara mbili tatu kabla hajaanza kula, na akifika robo ya mwisho aache kuingiza kiganja kizima. Achague moja moja kwa vidole viwili. Zilizobaki zikae humo humo kwenye ndoo, aibebe mkononi mpaka kwenye pipa la mlangoni. Na lile ganda jembamba lililomchoma kwenye fizi, ambalo amekuwa akilichokonoa kwa ulimi tangu katikati ya muvi, asilifuate na njiti ya kiberiti wala pini ya mchumba. Asukutue na maji ya uvuguvugu yenye chumvi, apitishe uzi wa meno taratibu. Zikipita siku mbili bado fizi imevimba, au akitafuna jino linapiga kelele, aende hospitali kwa daktari wa meno wakati bado ni la kuziba, kabla halijawa la kung'oa.