Ngazi isiyo na vidato

Kila kijana wa Bagamoyo anayejua kusakata kabumbu anaijua hadithi ya Mbwana Samatta. Tatizo ni kwamba anaijua kuanzia mwisho. Atakusimulia lile bao la Wembley, Machi 1, 2020, Aston Villa na Manchester City. Muulize kati ya Mbagala na Wembley jamaa alipita wapi, anaruka tu: Simba, halafu Ulaya. Miaka mitano ya Lubumbashi kaimeza kama haikuwepo.

Leo naomba niwapeleke kwenye mchezo ambao wengi wetu hatuuchezi wala hatuuelewi: besiboli ya Wamarekani. Msicheke kwanza. Sheria zake mtu anaweza kuishi bila kuzijua. Ninachotaka mkione ni ngazi yao.

Kule kijana akisajiliwa na klabu kubwa, haendi kwenye klabu kubwa. Anapelekwa chini kabisa, kwenye timu za wanaoanza, kisha anapanda: Single-A, High-A, Double-A, Triple-A, ndipo ligi kuu. Timu za kila daraja zina mkataba na klabu ya juu, na tangu 2021 timu hizo ni 120. Klabu ndiyo inayomlipa, inampa kocha na daktari, na inamwandikia anachotakiwa kurekebisha. Akicheza vizuri anapandishwa. Akivurunda anashushwa, na mwezi ujao anaanza tena.

Mfano ni Gift Ngoepe wa Afrika Kusini. Mama yake alifanya kazi kwenye klabu ya besiboli ya Randburg na familia iliishi humo humo klabuni. Pittsburgh Pirates walimsajili 2008, akiwa na miaka 18. Alipita Bradenton, Altoona, Indianapolis, miji ambayo hakuna anayeibandika ukutani. Aprili 26, 2017 ndipo akawa Mwafrika wa kwanza kuzaliwa barani humu na kucheza ligi kuu ya besiboli. Zaidi ya miaka minane! Na huko juu kwenyewe alicheza mechi 41 tu. Kwa hesabu za vijiweni mwetu, huyo kapoteza muda. Kwa hesabu zangu, alikuwa kazini muda wote huo.

Jirani zetu Waganda wameshaijua njia. Mwaka 2022 Ben Serunkuma na Umar Male walisaini Los Angeles Dodgers. David Matoma yuko mikononi mwa Pittsburgh, anarusha mpira kwa kasi ya karibu kilomita 160 kwa saa. Dennis Kasumba, yule wa video za kufanya mazoezi na matairi, alifika Maryland 2023 kuichezea Frederick Keys. Hata mmoja wao akiishia njiani, atajua ameishia kidato cha ngapi na kwa nini.

Sasa turudi nyumbani. Panda daladala Bagamoyo uelekee Dar. Utapita Bunju, penye uwanja wa mazoezi wa Simba uliofunguliwa 2019. Ukikata kuelekea baharini, Mbweni, unakuta uwanja wa Meja Jenerali Isamuhyo wa JKT Tanzania. Ukishika njia ya Mlandizi unakuta Mabatini, nyumbani kwa Ruvu Shooting walioshuka Ligi Kuu 2023. Kwa umbali, hata nauli si ya kutisha. Lakini kijana anayefunga mabao Mwanakalenge jioni na kubeba samaki asubuhi anafikaje Bunju? Kwa bahati. Awepo mtu anayemjua mtu, siku hiyo hiyo asiwe na malaria.

Najua mtaniambia vidato vipo: ligi ya wilaya, ya mkoa, First League, Championship. Kwenye karatasi, ndiyo. Ila kidato kisichokulisha ni picha ya kidato. Kijana wa miaka 21 mwenye mama wa kumtunza hawezi kucheza misimu mitatu ya madaraja ya chini kwa posho ya mechi na ahadi za mwenyekiti. Atapanda bodaboda, na mimi simlaumu hata kidogo.

Hapo hapo ndipo ugonjwa wetu wa kupunguza umri unapoota. Mwaka 2005 Serengeti Boys walienguliwa fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 kwa sababu ya umri. Tukapiga kelele kuhusu maadili. Lakini kama mlango unafunguliwa mara moja tu ukiwa na miaka 16, wa miaka 20 atafanya nini? Atajiandika 16. Ngoepe aliingia ligi kuu na miaka 27, hakuwa na haja ya kudanganya.

Na Samatta mwenyewe ni mtoto wa ngazi. African Lyon, Simba, kisha TP Mazembe kuanzia 2011, ambako walimlipa, wakamtunza, akatwaa ubingwa wa Afrika 2015. Genk wakamchukua Januari 2016, akapachika mabao 23 ya ligi msimu wa 2018/19 na kubeba ubingwa wa Ubelgiji. Aston Villa ilikuja 2020, akiwa na miaka 27 vilevile. Vidato vyake vya katikati vilijengwa na Wakongo na Wabelgiji. Sisi tulichangia cha chini, na shangwe.

Msiniambie Wamarekani wana hela. Hadi 2022 mchezaji wa daraja la chini kabisa kwao alikuwa akilipwa chini ya dola 5,000 kwa mwaka, huku klabu zikiogelea kwenye mabilioni. Mwaka huo wachezaji wakajiunga na chama, na mkataba wa 2023 ukapandisha kiwango hicho hadi dola 19,800, na Triple-A dola 35,800. Hela ilikuwepo siku zote, ilikosa wa kuidai.

Na kwetu ipo. Mwaka 2021 Azam Media waliweka zaidi ya shilingi bilioni 225 kwa miaka 10 kuonyesha Ligi Kuu. Mkataba ujao ukifika mezani, ningependa kuona mstari mmoja tu umeongezwa: kima cha chini cha mshahara wa mchezaji wa Championship, kwa tarakimu, na adhabu ya klabu isiyolipa.