Neno la Mhariri: Asilimia 90 Ambayo Haipo

Umewahi kuambiwa, na huenda nawe umewaambia wanao, kwamba binadamu hutumia asilimia 10 tu ya ubongo wake. Dai hili linasikika kwenye semina za hamasa, kwenye mahubiri na kwenye mahafali ya kidato cha nne. Mwaka 2014 lilitengenezewa filamu nzima, Lucy. Si kweli, na halikuwahi kuwa kweli. Toleo hili linahusu afya ya ubongo, nasi tumeona tuanze kwa kuling'oa dai hilo, kwa sababu linawaumiza watu wasiostahili kuumizwa.

Mwaka 1907 mwanasaikolojia William James wa Chuo Kikuu cha Harvard aliandika kwamba wengi wetu tunatumia sehemu ndogo tu ya uwezo tulio nao. Hakutaja asilimia yoyote, wala hakusema kuna nyama ya ubongo iliyokaa bure. Alikuwa akizungumzia juhudi na mazoea. Mwaka 1936 Lowell Thomas, katika dibaji ya kitabu maarufu cha Dale Carnegie cha kupata marafiki na kuvuta watu, akamwekea James mdomoni ile asilimia 10. Kitabu kiliuzwa kwa mamilioni, na maneno yakasafiri nacho hadi kwetu.

Ushahidi wa kulikanusha ulikuwepo zamani. Mwaka 1861, jijini Paris, daktari Paul Broca alichunguza ubongo wa marehemu Leborgne, mgonjwa ambaye kwa miaka mingi hakuweza kutamka karibu chochote ila silabi moja, "tan", ingawa aliyafahamu mengi aliyoambiwa. Broca alikuta ubongo umeharibika sehemu ya mbele, upande wa kushoto. Tangu hapo wachunguzi wameupitia ubongo pembe kwa pembe, kwa umeme wakati wa upasuaji na kwa mashine za kupiga picha, na hawajakuta eneo kubwa lisilo na kazi. Aliyewahi kuuguza mtu wa kiharusi hahitaji hata mashine hizo. Mshipa mmoja mwembamba ukiziba katikati ya ubongo, jeraha dogo kama punje ya haragwe linaweza kupooza mkono na mguu wa upande mzima. Kama tisa ya kumi ya ubongo ingekuwa haina kazi, wagonjwa wengi wa kiharusi wangeamka kesho yake wakaenda shambani.

Wapo wanaouliza: mbona sehemu zote haziwaki kwa wakati mmoja? Haziwaki, na tushukuru. Seli za ubongo zikifyatuka kwa pamoja kupita kiasi, mtu huanguka kifafa. Ubongo hufanya kazi kwa mpangilio, kila sehemu kwa wakati wake, hata tukiwa usingizini.

Najua wengi wanaolisema dai hili wana nia njema. Wanataka kijana ajue kwamba anaweza zaidi, na kweli anaweza, kwa kuwa mazoezi huimarisha miunganiko kati ya seli alizo nazo. Lakini ubongo huo una gharama. Wa mtu mzima una uzito wa kama kilo 1.4, takribani asilimia 2 ya mwili, na bado unakula karibu asilimia 20 ya nishati ya mwili uliopumzika. Kwa mtoto wa miaka mitano ni zaidi ya theluthi. Hapa ndipo ninapokasirika. Mtoto ametoka nyumbani bila hata kikombe cha uji, ametembea hadi shuleni, amekaa darasani mpaka saa nane mchana, halafu mgeni rasmi anamwambia hafaulu kwa kuwa ameilaza asilimia 90 ya ubongo wake. Mtoto huyo hajalaza chochote. Ana njaa.

Watafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, wamewafuatilia kwa miaka mingi watoto waliopona malaria iliyowapanda kichwani. Homa ilishuka, degedege likakoma, lakini baadhi yao walibaki na kifafa, au na shida ya kusema na kukumbuka. Walichopoteza kilikuwa kinatumika chote. Kijana wa bodaboda anayening'iniza helmeti kwenye usukani anapaswa kulijua hilo, na abiria wake pia. Hakuna sehemu ya ubongo iliyowekwa pembeni ikisubiri kushika nafasi ya ile itakayopondeka barabarani.

Basi, msomaji, nina ombi. Ukialikwa kuzungumza na wanafunzi, dai hili liache nyumbani. Waulize kwanza kama wamekula, kisha mwulize mwalimu mkuu na kamati ya shule mpango wa uji umefikia wapi.