Askari wa Zamani Waandikwe Wangali Hai

Kila mwaka, ifikapo tarehe 25 Julai, Taifa letu huadhimisha Siku ya Mashujaa. Mkuki na ngao huwekwa kwenye mnara wa kumbukumbu, tarumbeta hulia, na viongozi wetu husimama kimya kuwakumbuka waliokufa. Ni jambo jema, na lidumu. Lakini hatuna budi kujiuliza swali ambalo halijibiwi kwa shada la maua. Yule shujaa ambaye hakufa, akarudi kijijini na jeraha lake, jina lake limeandikwa wapi? Na mjane wa yule aliyekufa abishe mlango gani?

Miaka michache iliyopita, katika ofisi moja ya umma ambayo sina haja ya kuitaja, niliketi benchi moja na mama aliyekuja kuuliza mafao ya marehemu mumewe. Karani, kijana mwenye adabu, alimwambia, "Mama, faili la mzee halionekani. Rudi mwezi ujao." Mama yule hakugomba. Alitaja kwa kichwa namba ya jeshi ya mumewe, tarakimu moja baada ya nyingine, kisha akasema, "Mwanangu, mimi sijui kusoma, lakini namba hii sijaisahau tangu alipokwenda vitani. Ninyi mnaojua kusoma mmeipotezaje?" Kijana hakuwa na jibu. Mimi pia sikuwa nalo.

Kisa hiki si cha karani mmoja. Pensheni, matibabu ya majeruhi, masomo ya yatima, hata mazishi ya heshima, yote husimama juu ya jambo moja dogo: jina lililoandikwa sawasawa, mapema, na mahali panapojulikana. Palipokosekana jina, huruma ya viongozi na wingi wa sheria havimfikii mlengwa.

Historia yetu wenyewe ni shahidi. Jina la Kariakoo, jijini Dar es Salaam, limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Mamia ya maelfu ya Waafrika walibebeshwa mizigo ya vita ile, na makumi ya maelfu wakafa kwa maradhi, njaa na uchovu. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, na huenda hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi Bungeni. Lakini radhi inayokuja baada ya miaka mia moja haimpatii mjane kibaba cha unga. Mkoloni hakuwaandika kwa sababu hakuwahesabu kuwa watu sawa naye. Sisi tutatoa sababu gani?

Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwaka 1978, Mwalimu Nyerere alilitangazia Taifa tarehe 2 Novemba kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Uwezo ule haukuwa wa askari wa kudumu peke yao. Walikuwamo polisi, askari magereza, vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa, na maelfu ya mgambo walioacha majembe yao shambani. Baadhi ya walioanguka wamelala Kaboya, wilayani Muleba. Askari wa kudumu aliyestaafu anayo haki yake kisheria. Lakini mgambo alirudi kwenye jembe lile lile, na huenda karatasi yake ya kuachishwa imekwisha kuliwa na mchwa. Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule, leo anaikaribia miaka 70. Tukizidi kungoja, hatutakuwa na wa kumwandika.

Wako watakaosema Serikali ina mengi ya kugharimia. Ni kweli. Basi tuwatazame ndugu zetu wa Zimbabwe. Sheria ya fidia kwa waathirika wa vita ilikuwapo tangu 1980, lakini wapiganaji wengi wa kawaida waliendelea kuishi kwa dhiki huku watu wenye vyeo wakijiandikia ulemavu mkubwa na kuchota fedha za mfuko. Walionyimwa walipoandamana mwaka 1997, Serikali ililazimika kuahidi kila mmoja dola 50,000 za Zimbabwe kwa mkupuo, na dola 2,000 kila mwezi, bila bajeti. Tarehe 14 Novemba mwaka huo fedha ya nchi ile ilipoteza zaidi ya asilimia 70 ya thamani yake kwa siku moja.

Afrika Kusini, ambayo wapigania uhuru wake tuliwapokea Kongwa na Mazimbu, ilitunga mwaka 2011 sheria inayoahidi matibabu, nyumba, elimu na pensheni. Hata hivyo, ubishi juu ya nani alikuwa mpiganaji, na nani alikosekana katika orodha za mwaka 1994 majeshi yalipounganishwa, uliendelea kwa miaka mingi. Oktoba 2021 kundi la askari wa zamani liliwazuia mawaziri ndani ya hoteli karibu na Pretoria wakidai mafao yao. Sheria nzuri isiyo na daftari sahihi huzaa hasira.

Kwetu sisi, kazi ya kuandika haihitaji mkopo wa nje. Mtendaji wa kijiji anawajua wazee wake. Mwalimu anaweza kuwatuma wanafunzi wa somo la historia wakaandike ushahidi wa wazee hao, na kwa kufanya hivyo wakajifunza historia isiyo vitabuni. Orodha ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kijiji, ili mwenye haki ajione na mdanganyifu aumbuliwe na majirani zake. Kila wilaya iwe na meza moja inayopokea madai ya askari wa zamani na familia zao. Faili likipotea, ofisi ndiyo ilitafute, si mjane. Na jibu litolewe kwa maandishi, likiwa na tarehe na jina la mtumishi aliyelitoa.

Ndugu mtumishi wa umma, na wewe mwalimu, tusijidanganye kwamba deni hili ni la jeshi peke yake. Askari alipoitwa hakuambiwa arudi mwezi ujao. Tusimwambie hivyo mkewe.