Mtoto wa Winx Aliuzwa Zaidi ya Milioni 800. Farasi Unayembetia Kitengela Anazaa Nini?

Ingia duka lolote la kubeti Kitengela saa nne asubuhi, siku ya kazi. Wasee wamesimama, tiketi mkononi, macho juu. Kwa skrini kuna farasi wanane wanatimua vumbi na mtangazaji anapiga nduru kwa Kizungu. Mbio inaisha kwa dakika moja hivi. Msee mmoja anakunja tiketi, anaitupa chini, anatoa soo ingine mfukoni.

Shida ni moja tu, buda. Hao farasi hawako. Hawajawahi kuzaliwa. Ni kompyuta inachagua namba, halafu inakuchorea katuni ya farasi ndio usichoke kuangalia.

Na hii inafanyika Kajiado, kaunti ambapo mtoto wa darasa la nne anaweza kukuambia ng'ombe huyu ana mimba ya miezi mingapi. Hapo ndipo mimi huchanganyikiwa. Tuongee basi juu ya farasi wa ukweli, halafu urudi kwa skrini yako ukitaka.

Anza na Winx. Huyu ni farasi jike wa Australia, alizaliwa Septemba 2011. Akiwa bado mdogo alinunuliwa kwa dola 230,000 za Australia. Si bei ya mbuzi, lakini kwa ulimwengu wa farasi haikuwa bei ya kushtua mtu. Mkufunzi wake alikuwa Chris Waller, na mara nyingi aliyempanda ni Hugh Bowman. Kuanzia Mei 2015 hadi Aprili 2019 hakushindwa hata mara moja: mbio 33 mfululizo. Cox Plate, moja ya mbio kubwa kabisa kule kwao, aliibeba miaka minne, 2015 hadi 2018. Alistaafu akiwa amekimbia mara 43 na kushinda 37, na zawadi zake zikapita dola milioni 26 za Australia.

Sasa sikiza hesabu yenye mfugaji wa Bissil ataielewa haraka kuliko msee wa ofisi Nairobi. Dume bingwa akistaafu anaweza kupanda majike zaidi ya mia kwa msimu mmoja. Jike hubeba mimba karibu miezi 11 na anazaa mmoja. Kila mtoto wake ni kama plot ya mwisho kando ya barabara. Mtoto wa kwanza wa Winx alikufa wakati wa kuzaliwa, Oktoba 2020. Baadaye akapata mwingine, jike pia, na Aprili 2024 huyo mtoto akapelekwa mnada Sydney. Aliuzwa dola milioni 10 za Australia, zaidi ya milioni 800 za Kenya wakati huo. Aliyemnunua ni Debbie Kepitis, mmoja wa wale wale wamiliki wa Winx. Yaani mama alilipa hizo doo ili damu isitoke boma.

Cheka ukitaka, lakini mzee wa Kajiado hawezi kucheka. Ukame ulipopiga misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022, kilichouma hakikuwa tu nyama iliyolala kwa barabara ya Namanga. Waliokufa ni mama. Fahali unaweza kuazima kwa jirani, lakini ng'ombe wa Sahiwal aliyezoea nyasi za kwako na maji ya kwako, umechagua mama yake na nyanya yake, ukimpoteza unaanza upya na miaka imeenda.

Unaweza kusema Australia ni mbali. Sawa, turudi nyumbani, mwaka wa 1926, miaka mia moja iliyopita. Nairobi wakati huo farasi hawakukimbilia Ngong Road, uwanja ulikuwa upande wa Kariokor na Eastleigh. Kulikuwa na jike aliyeitwa Wise Child. Mkufunzi wake alikuwa Beryl Markham, binti aliyekulia Njoro, mwanamke wa kwanza kupata leseni ya kufunza farasi wa mbio Kenya. Yeye mwenyewe anasimulia katika kitabu chake cha 1942, West with the Night, kwamba alimpokea Wise Child kano za miguu zikiwa zimeharibika kwa kukimbizwa kupita kiasi na mtu mwingine. Akamchunga, akamfanyisha mazoezi kwa udongo laini, wiki chache tu zikiwa zimebaki. Wise Child akaingia mbio za St Leger na akashinda.

Miaka kumi baadaye Beryl aliruka na ndege peke yake kuvuka Atlantiki kutoka Uingereza hadi Kanada, na dunia ikamjua kwa hiyo. Lakini Nairobi, watu wa farasi waliendelea kumkumbuka kwa farasi. Uzeeni aliishi kwa nyumba karibu na uwanja wa Ngong Road, na alifariki 1986.

Hii story pia ina upande mchungu, na kwa msomaji wa Kajiado siwezi kuuficha. Nyasi za Njoro na Nakuru ambazo farasi wa masetla walikula zilikuwa malisho ya Wamaasai. Mkataba wa 1904 uliwatoa Bonde la Ufa, na ule wa 1911 ukawatoa Laikipia na kuwasukuma kusini, huku tunakoita Kajiado na Narok. Kwa hivyo sikuambii mbio za farasi ni kitu kisafi. Nakuambia tu Wise Child alikuwa na miguu. Mtu angeweza kwenda kumwona, akamwangalia akitembea, akaamua kama atatoboa au la. Ujuzi ulikuwa na kazi.

Rudi sasa kwa skrini ya Kitengela. Tuseme farasi ni wanane na nafasi zao ni sawa. Malipo ya haki ni mara nane. Duka linakupa, tuseme, mara 6.8. Wasee wanane wakiweka soo soo, kila mtu na farasi wake, mezani kuna 800. Mshindi anaondoka na 680. Hizo 120 zimeenda, na hakuna aliyeziona zikienda. Baada ya dakika chache, mbio ingine. Hakuna mguu wa kuangalia, hakuna mkufunzi wa kuuliza, hakuna mvua ya kulainisha uwanja. Jamaa amefuga tangu utotoni, ana jicho la kumtambua mnyama mgonjwa akiwa mbali, lakini hapo ndani hilo jicho halina thamani ya bob tano.

Serikali ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30 kuanzia Aprili 29, 2025, na mwaka huo huo sheria mpya ya kamari ikapita. Skrini bado zinawaka. Na kijana wa Isinya akiuza mtamba ili akajaribu bahati, hajapoteza bei ya mtamba pekee. Amepoteza ndama wa mwaka kesho, na wa mwaka unaofuata, na maziwa ya hapo katikati.

Kama ni farasi unataka kuona, Jumapili za mbio wako Ngong Road, wazima, wanatoa jasho. Kutoka Kitengela unashika Mombasa Road, unaingia Southern Bypass, unatokea hapo hapo karibu. Wanatembezwa kabla ya kila mbio, kwa hivyo fika mapema uangalie miguu.